Nyundo imepigwa, namba imetoka, mwamba haupo: kutafuta kosa unapopima udongo kwa sauti

Nyundo ya kilo nane, bamba la chuma, jiofoni 24 (vikopo vya kuchomeka ardhini vinavyosikia mtikisiko), kebo na mashine ya kunasa. Vifaa vyote vya kupimia udongo kwa sauti vinaenea nyuma ya pikapu moja. Unapiga bamba, mlio unashuka ardhini, jiofoni zinausikia kila moja kwa wakati wake, na kutokana na tofauti za milisekunde unapata kasi. Kasi hiyo ndiyo inayokuambia udongo umeshikana kiasi gani, maji yako wapi, mwamba unaanzia wapi, na kama jengo la ghorofa sita litasimama au litakaa upande.

Fundi ambaye mashine yake imegoma ana nafuu, kwa sababu amejua kuwa kuna tatizo. Ubaya uko kwenye ile siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa, picha imetoka safi, programu imechora matabaka yake ya rangi, na namba si ya kweli. Kwa hiyo naanza na makosa yanayopiga kelele, nayapita haraka haraka, halafu nakaa kwenye yale yanayonyamaza.

Umepiga, mashine haijanasa chochote

Anza na triga. Ni kile kiswichi kidogo kinachofungwa kwa utepe kwenye mpini wa nyundo, karibu na kichwa, kinachoiambia mashine "anza kuhesabu sasa". Waya wake unaburutwa, unakanyagwa, unapindwa kila nyundo inaponyanyuliwa, na hukatikia ndani pale unapoingia kwenye swichi huku ganda la nje likionekana zima kabisa. Usimalize saa nzima ukizunguka kwenye menyu za mashine. Gonga swichi kwa kidole. Ikinasa, tatizo ni namna ilivyofungwa kwenye mpini. Isiponasa, weka waya wa akiba, na kama hukubeba waya wa akiba basi leo umejifunza kwa nini wenzako wanabeba miwili.

Kinyume chake ni mashine inayonasa kabla hujapiga: kijana ananyanyua nyundo tu, tayari rekodi imeingia. Punguza usikivu wa triga, kausha plagi kama asubuhi kulikuwa na umande, na mwambie mpigaji ashike waya pamoja na mpini ili usining'inie.

Chaneli moja imekufa, au inakwenda kinyume na wenzake

Mstari ulionyooka kama rula katikati ya mistari inayocheza ni jiofoni isiyosikia. Ibadilishane mahali na jirani yake. Kama ukimya umebaki palepale, kosa ni la kebo. Kama ukimya umehama na jiofoni, kosa ni la jiofoni. Multimita itakumalizia ubishi: koili nzima inasoma omu mia kadhaa, iliyokatika haisomi kitu, na iliyogusana inasoma karibu sifuri. Linganisha na jiofoni unayoijua kuwa nzima, maana nyingine zina rezista ndani na usomaji wake uko chini kidogo.

Mstari uliogeuka, yaani wenzake wanaanza kwa kushuka na wenyewe unaanza kwa kupanda, ni klipu za kuunganisha jiofoni na kebo zilizobanwa kinyume. Watengenezaji wengi huzitofautisha klipu hizi kwa ukubwa au rangi ili kuzuia jambo hilo, lakini jiofoni iliyowahi kupita mikononi mwa fundi redio wa mtaani haina uhakika huo tena. Geuza, endelea. Usiiache ukisema utairekebisha ofisini, kwa sababu ofisini utakuwa umeshasahau ilikuwa namba ngapi.

Mistari yote inatetemeka hata kabla ya pigo

Hesabu vilele. Kama umbali kati ya kilele na kilele ni milisekunde 20, huo ni umeme wa hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), na ukitazama juu utaona nguzo. Unaweza kuweka kichujio cha hezi 50, lakini kichujio kikali huacha mwangwi wake kwenye rekodi na kupaka matope mwanzo wa wimbi, sehemu unayoihitaji kuliko zote. Bora ugeuze mstari wa jiofoni uvuke waya wa umeme badala ya kwenda nao sambamba, uondoe kebo kwenye nyasi mbichi, na uangalie kama klipu zinagusa ardhi yenye maji.

Mtetemo usio na mpangilio ni upepo, hasa jiofoni ikiwa karibu na mti: matawi yanayumba, mizizi inatikisa udongo, na jiofoni inasikia mti mzima. Dodoma nimezoea kuanza saa 12 asubuhi na kufunga kazi kabla upepo wa mchana haujaamka. Bodaboda, pampu ya maji, jenereta la jirani, ng'ombe wanaopelekwa mtoni: hao dawa yao ni kusubiri wapite. Pampu omba izimwe dakika kumi. Ukiomba kwa adabu, huzimwa.

Muda wa sifuri umeteleza

Hapa ndipo makosa ya kimya yanapoanza, na hapa nakuomba usiharakishe.

Tuseme triga imechelewa milisekunde 5. Labda utepe umelegea na swichi inacheza kwenye mpini, labda imefungwa mbali mno na kichwa cha nyundo, au kwenye mashine umebaki mpangilio wa kuchelewesha kurekodi uliowekwa kwenye kazi ya juzi. Mashine imeanza kuhesabu ikiwa imechelewa, kwa hiyo nyakati zote zinasomeka fupi kuliko zilivyo. Mteremko wa mstari kwenye grafu ya muda na umbali haubadiliki, kwa hiyo kasi inatoka sahihi kabisa. Kinachoharibika ni kina.

Chukua mfano wa udongo mkavu wenye kasi ya 400 m/s uliolalia tabaka la 1,600 m/s. Kwenye grafu ya muda na umbali, mistari miwili, mmoja wa kila tabaka, inakutana umbali wa mita 12 kutoka kwenye bamba. Kina cha tabaka la chini ni nusu ya umbali huo mara kipeuo cha pili cha (1,600 − 400) ÷ (1,600 + 400), yaani mita 4.65. Kwa njia nyingine, mstari wa pili ukiuvuta kurudi nyuma hadi kwenye bamba unakata mhimili wa muda kwenye milisekunde 22.5, na hesabu ya muda huo nayo inakupa mita 4.65 zilezile. Sasa ondoa zile milisekunde 5 za triga. Muda unabaki 17.5, na kina kinapungua hadi mita 3.6. Mita nzima ya udongo imepotea kwa sababu ya utepe uliolegea, na kwenye ripoti hakuna atakayeona.

Dalili ziko mbili. Ya kwanza, mstari wa kwanza wa grafu ukiuvuta kurudi kwenye bamba haupiti kwenye sifuri. Unakata chini yake. Ya pili ndiyo ninayoiamini zaidi: piga kwenye ncha A usome muda wa kufika ncha B, kisha nenda ncha B upige usome muda wa kufika A. Njia ni ileile, ardhi ni ileile, kwa hiyo muda lazima ulingane. Ukikuta 41 kwenda na 46 kurudi, acha kila kitu urudi kwenye triga. Wapo wanaopiga ncha moja tu ili wamalize mapema. Hao wamejinyima ushahidi huo juu ya triga, na wala hawana namna ya kujua kama tabaka la chini limelala sawa au limeinama.

Dawa: funga swichi upya, iguse mpini bila kucheza. Kisha chukua jiofoni moja uichomeke kabisa kando ya bamba iwe shahidi. Kila rekodi, shahidi huyo aanze karibu na sifuri. Akianza kwingine, rekodi hiyo ifutwe.

Na nyundo ikidunda? Mpigaji mgeni hupiga halafu huacha nyundo irukeruke juu ya bamba, na rekodi inabeba pigo la pili linalofuata la kwanza. Mfundishe kupiga na kukandamiza, nyundo ibaki pale ilipotua mpaka useme "sawa".

Karibu kunasomeka vizuri, mbali hakuna kitu

Jiofoni sita za kwanza zinaonyesha wimbi wazi, za mwisho zinaonyesha ukungu. Wengi hapa huongeza ukuzaji kwenye skrini, na wanachokuza ni kelele.

Angalia kwanza miguu ya jiofoni. Jiofoni ni sumaku na koili ndani ya kopo, na haiwezi kusikia ardhi ambayo haijaishika. Mwiba wake unatakiwa uingie wote, kopo likae wima, na ukiisukuma kwa kidole isicheze. Kwenye mchanga mkavu wa pwani, fukua ule wa juu unaotiririka mpaka ufike ulio na unyevu kidogo. Kwenye moramu ngumu usiipige jiofoni kwa nyundo (nimeona mtu akifanya hivyo, na nimeona sura ya mwenye jiofoni). Toboa tundu kwa msumari mkubwa, tia tope zito la mfinyanzi, kisha ichomeke. Zile za hezi 4.5 zina springi laini na haziwezi kuvumilia kulala upande kama wenzake za hezi 14. Ikilala, inasikia kidogo au haisikii kabisa.

Kisha bamba. Bamba lililokaa juu ya nyasi linapoteza nguvu kwenye nyasi. Likwangulie mahali pake, ulipige mara tatu nne za kuliketisha kabla ya kuanza kurekodi, na likianza kuzama kwenye shimo lake lihamishe hatua moja.

Mwisho ndiyo unajumlisha mapigo. Kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: mapigo 4 yanaongeza ubora mara 2, mapigo 16 mara 4. Kutoka 16 kwenda 32 kijana anachoka bure. Na jumla ya mapigo 16 ambayo triga yake inacheza ni mbovu kuliko pigo moja safi, kwa sababu mwanzo wa wimbi unafutika.

Kufutika huko kuna historia. Mwaka 1849 mhandisi Robert Mallet wa Ireland alilipua baruti kwenye mchanga wa ufuko wa Killiney, kusini mwa Dublin, akapima muda wa mtikisiko kufika upande wa pili. Kifaa chake cha kusikia kilikuwa bakuli la zebaki: taswira iliyoakisiwa juu ya zebaki ikivurugika, basi wimbi limefika. Kwenye mchanga alipata futi karibu 825 kwa sekunde, yaani kama mita 250. Kwenye mwamba mzima wa matale wa hapo jirani alipata futi karibu 1,665, kama mita 507. Leo tunajua matale ya namna hiyo hupitisha sauti kwa maelfu ya mita kwa sekunde. Baruti yake haikuwa na kosa. Zebaki haikusikia miguso dhaifu ya kwanza, ikaamshwa na mawimbi mazito yaliyofuata. Ugonjwa wa Mallet tunao bado. Unapopiki, yaani unapoweka alama mahali wimbi linapoanza, jicho hukimbilia kwenye kilele kikubwa kwa sababu kinaonekana, wakati wimbi lilishaanza mapema kwa kumeguka kadogo tu. Ukiona kasi za mwamba zimetoka ndogo kuliko akili inavyokubali, kuza sehemu iliyo kabla ya alama zako utazame tena.

Kasi imetoka 340, na kila kituo ni 340

Hujapima udongo. Umepima hewa.

Mlio wa chuma kwa chuma unasafiri juu ya ardhi na kutikisa makopo ya jiofoni. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti hewani inakwenda kama 349 m/s, kwenye ubaridi wa Njombe asubuhi inakaribia 337, kwa hiyo namba yoyote kwenye eneo hilo itilie shaka. Wimbi la hewa lina sura yake: ni kali, jembamba, na limenyooka kwenye mstari mmoja kutoka chaneli ya kwanza hadi ya mwisho bila kujali ardhi imebadilika. Kwa kawaida linafika nyuma ya wimbi la ardhini na halina madhara. Lakini mchanga mkavu uliolegea, au majivu ya volkano, unaweza kupitisha sauti polepole kuliko hewa, na hapo hewa ndiyo inayotangulia.

Fukia kila jiofoni kwa udongo wa kiganja kimoja, au iwekee kimfuko cha mchanga juu. Badilisha bamba la chuma kwa la plastiki nzito, ambalo halipigi kelele kama kengele. Kama una shaka bado, mwambie mtu agonge bamba likiwa limening'inizwa hewani huku mashine inanasa. Kitakachoonekana kwenye skrini ni hewa tupu, na utajua cha kutofautisha.

Kasi imetoka 1,500 au 1,600, na ripoti inasema "mwamba"

Kiwanja kilikuwa Dar es Salaam, si mbali na bonde la mto, mwishoni mwa masika. Mistari mitatu, mapigo kwenda na kurudi, nyakati zikalingana mpaka nikajisifu. Juu 380, chini 1,600, kina mita 4 na kitu. Mteja alikuwa na hamu ya kusikia neno mwamba, nami nikaliandika. Wiki mbili baadaye simu ikalia saa 3 asubuhi. Alikuwa dereva wa ekskaveta, na wala hakusalimia.

"Injinia, huo mwamba wako uko wapi? Huku chini ni uji mtupu."

Nilipofika, ndoo ya ekskaveta ilikuwa mita 5 chini ikichota mchanga wa kijivu unaotiririka, na maji yanaingia shimoni kutoka pande zote. Sikuwa nimekosea kupima. Sauti kwenye maji huenda karibu 1,500 m/s, na udongo ambao vinyweleo vyake vyote vimejaa maji hauwezi kwenda polepole kuliko hapo kwa kiasi cha maana, hata uwe laini kama uji wa mgonjwa. Wimbi la P, lile linalobana na kuachia, linapita ndani ya maji na halijali kama chembe za udongo zimeshikana. Mwamba uliochakaa nao huanzia kwenye kasi hizohizo. Namba moja, vitu viwili.

Anayeweza kuwatenganisha ni wimbi la S, linalotikisa udongo kwa upande. Maji hayana ukinzani wa kutikiswa upande, kwa hiyo wimbi hilo hushikilia mifupa ya udongo peke yake. Ukipata P ya 1,600 na S ya 150, huo ni udongo laini uliolowa. Ukipata P ya 1,600 na S ya 700, hapo andika mwamba uliochakaa. Tofauti ya S ni mara nne na kitu, na ugumu wa udongo ni msongamano mara mraba wa kasi hiyo: udongo wa kilo 1,800 kwa mita ya ujazo wenye S ya 200 m/s una ugumu wa megapaskali 72. Kwa kuwa kasi inazidishwa yenyewe kwa yenyewe, kosa la asilimia 10 kwenye kasi ni kosa la asilimia 21 kwenye ugumu.

Kupata S si kazi ngumu. Chukua ubao mzito wa mita 2, ulaze ukikingama na mstari wa jiofoni, pandisha magurudumu ya mbele ya pikapu juu yake, kisha piga ncha ya kushoto na baadaye ncha ya kulia. Jiofoni ziwe zile za mlalo. Wimbi la S hugeuka kichwa chini unapobadili upande. Wimbi la P halibadiliki. Ukizilaza rekodi mbili moja juu ya nyingine, mahali zinapoachana kama mkasi ndipo S inapoanza. Rekodi zisipoachana popote, ubao haujashika ardhi: ondoa nyasi chini yake, songeza gari.

Kuna mtego mwingine mdogo hapohapo. Mapovu machache ya hewa ndani ya udongo uliolowa yanatosha kuangusha kasi ya P chini kabisa ya 1,500. Kwenye mabwawa, mashamba ya mpunga na udongo wenye mimea inayooza, unaweza kuwa chini ya maji na grafu isionyeshe maji.

Kabla ya kuandika neno mwamba siku hizi, naenda kwenye kisima cha jirani na kamba yenye jiwe. Inachukua dakika tano.

Ganda gumu juu, laini chini

Njia ya mawimbi yaliyopinda, ambayo ndiyo tuliyoitumia mpaka hapa, inadai jambo moja: kila tabaka liwe na kasi kubwa kuliko lililo juu yake. Ardhi haikusaini mkataba huo. Moramu iliyoganda juu ya mfinyanzi, lami juu ya kifusi, ganda la matumbawe juu ya mchanga kule pwani, vyote vinavunja sharti. Wimbi likifika kwenye tabaka laini linapinda kwenda chini na halirudi juu, kwa hiyo tabaka hilo halionekani kabisa kwenye nyakati za kwanza. Programu inaendelea kama halipo, inaujaza unene wake kwa kasi ya lile ganda gumu, na mwamba wa chini unachorwa kwenye kina kirefu kuliko ulipo kweli. Tabaka la kasi ya kati lakini jembamba nalo linaweza kujificha, na hilo linafanya kinyume: mwamba unaonekana karibu zaidi.

Dalili? Mara nyingi hakuna, na ndiyo maana nasema usipime bila kuangalia mtaro, korongo au shimo la taka lililo karibu. Dalili pekee inayojitokeza wakati mwingine ni wimbi la kwanza linalofifia ghafla baada ya mita chache na kufuatwa na lingine linaloanza likiwa limechelewa, kama ngazi iliyokosa kidato.

Kwenye eneo la namna hii badili njia. Tumia mawimbi yanayotambaa kwenye uso wa ardhi, yale aliyoyatabiri Lord Rayleigh mwaka 1885, kwa njia inayoitwa MASW, yaani uchambuzi wa mawimbi ya uso kwa chaneli nyingi. Mawimbi marefu yanafika chini, mafupi yanaishia juu, na kila moja linakwenda kwa kasi ya udongo lilioufikia, kidogo chini ya kasi ya S. Njia hii inaweza kuona laini iliyo chini ya gumu.

Lakini nayo ina uongo wake. Kwa kawaida kasi hushuka kadiri masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanavyopanda. Juu ya ganda gumu, mchoro hupanda badala ya kushuka, au huruka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine ulio juu yake, na mtu anayepiki kwa haraka anaunganisha mistari miwili kana kwamba ni mmoja. Matokeo yake ni udongo mgumu kuliko ulivyo. Ukiona mchoro umeruka ghafla, simama hapo. Refusha mstari wa jiofoni, sogeza bamba mbali zaidi, rekodi tena ulinganishe.

MASW haifiki kina ulichoahidi

Hili ni la hesabu tu. Urefu wa wimbi ni kasi gawa kwa masafa, na kina unachoweza kukiamini ni kama nusu ya urefu huo. Kwa udongo wa 200 m/s na wimbi la hezi 10, urefu ni mita 20 na kina ni mita 10. Nyundo kwenye udongo wa kawaida ni shida kukupa nguvu ya maana chini ya hezi 8 au 10. Anayetaka wastani wa mita 30 za juu, ile Vs30 inayotumika kupanga viwanja kwa hatari ya matetemeko (na baada ya Kagera kutetemeka Septemba 2016, watu wengi zaidi wameanza kuiulizia), hawezi kuipata kwa mapigo ya nyundo kwenye mstari wa mita 23. Atumie uzito unaodondoshwa, au arekodi mtikisiko wa magari na bahari usiku bila kupiga kitu chochote. Programu itakuchorea hadi mita 30 ukiiomba. Ulichopimiwa ni cha juu. Kilichobaki imejaza yenyewe.

Kiwanja kilekile, Machi na Septemba hazikubaliani

Kwenye udongo mweusi wa mbuga, usitafute kosa kwenye mashine. Kiangazi mfinyanzi unakauka, unajivuta, unakuwa mgumu kama tofali, na kasi ya S inapanda. Wakati huohuo unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia, na wimbi linalovuka nyufa hizo linafika limechoka. Masika, yote mawili yanageuka. Piga mstari sambamba na nyufa kubwa pale inapowezekana, na kwenye daftari andika tarehe, mvua ya mwisho ilinyesha lini, na nyufa zilikuwa na kina gani. Anayejenga atumie namba ya masika.

Uwiano wa Poisson umetoka hasi

Uwiano huu, unaoeleza udongo unavimba pembeni kiasi gani ukibanwa, hupatikana kwa kasi za P na S. Kasi ya P isipofika mara 1.414 ya kasi ya S, hesabu inatoa namba hasi, na udongo wa kawaida hauna tabia hiyo. Sababu ni mojawapo ya hizi: umepiki wimbi la hewa ukaliita P, umeichukua P ya tabaka la juu ukaigawa kwa S ya tabaka la chini, au kile ulichokiita S ni P iliyoruka kwenye jiofoni za mlalo zilizoinama. Rudi kwenye rekodi za kushoto na kulia, utafute pale zinapoachana. Ukipata uwiano wa 0.49 na kitu, usishtuke wala usiurekebishe kwa mkono uwe 0.35 ili upendeze: ni udongo laini uliojaa maji, ule wa yule dereva wa ekskaveta.